P ya Papai

Juzi Abti alinipigia simu akaniambia nije kwake na mafuta ya taa na mswaki wa mti. Mtu mwingine angedhani mjomba wake ameanza kuchanganyikiwa. Mimi nilicheka tu, nikapitia dukani kuchukua mafuta, maana nilijua ni habari ya ile mashine.

Abti ni mjomba, ndugu wa mama. Naye huniita mimi abti vilevile, ndivyo Wasomali tunavyofanya, jina moja linakwenda na kurudi. Mashine yenyewe ni pikipiki ya magurudumu manne, nene, pana, ya kupita porini. Siku hizi iko nyuma ya nyumba yake hapa Garissa, chini ya mabati, na kuku wanatagia kwenye kiti. Kuna kijana wa upande wa Ijara anataka kuinunua, na swali lake la kwanza lilikuwa lile lile la zamani: ni ya mwaka gani?

Nilipiga magoti, nikachovya mswaki kwenye mafuta ya taa, nikaanza kusugua ile namba iliyochongwa kwenye chuma cha mbele. Harufu ikapanda. Mafuta ya taa, vumbi la moto, na uchungu kidogo wa mti wa mswaki. Nikabaki nimeinama pale bila kusugua. Nilikuwa nimerudi kwa Ayeeyo.

Ayeeyo ni bibi, na huyu ndiye aliyewazaa Abti na mama yangu. Sisi tulikaa mjini, lakini shule zikifungwa tu mimi nilikuwa Ijara kwenye boma lake, mbali na barabara, mahali ambapo asubuhi unaamshwa na mbuzi wanaojikuna kwenye ukuta wa herio. Herio ni ile nyumba yetu ya mikeka na fito, na ya Ayeeyo ilinuka moshi na maziwa. Nililala ubavuni mwake. Nilikuwa na mbuzi wangu mwenyewe, mweupe, jina lake Cadey, na nilijiona tajiri.

Tatizo lilikuwa maji. Kisima kilikuwa mbali, na punda aliyekuwa akibeba mitungi alikufa. Magoti ya Ayeeyo nayo yalishakataa safari ndefu. Hooyo, yaani mama yangu, akaamua kule mjini: kama hakuna njia ya kumfikishia mama yake maji kabla ya kiangazi, basi mbuzi watauzwa na bibi ataletwa Garissa akae nasi kwenye nyumba ya mabati. Hooyo alisema kwa upendo. Ayeeyo aliposikia akasema, "Mjini mbuzi wanakula makaratasi. Mimi watanilisha nini?"

Ndipo Abti akanunua mashine. Kulikuwa na mradi mmoja uliofunga kambi yake na kuuza vitu vilivyobaki, vitanda, matangi, na hiyo pikipiki ya miguu minne. Abti hakuuliza mwaka. Aliuliza kama inawaka, ikawaka, akalipa.

Siku aliyoileta bomani mbuzi walitawanyika wote, ikatubidi kuwatafuta mpaka jioni. Ayeeyo alisimama na fimbo yake, akaizunguka taratibu.

"Inakula nini?" akauliza.

"Mafuta, Hooyo," Abti akasema, maana kwake yeye Ayeeyo ndiye mama.

"Majani haitaki kabisa?"

"Haitaki."

"Basi haitajua kiangazi," akasema, na nikaona amefurahi.

Abti alifunga kigari kidogo nyuma, akapanga mitungi, na kwa muda maji yalikuja bila taabu. Mimi nilikaa juu ya mitungi nikishikilia kamba, nikimeza vumbi, na sidhani nimewahi tena kusafiri kwa raha kama ile. Kisha siku moja, tukipanda kutoka kwenye korongo kavu na mzigo umejaa, injini ilinguruma lakini magurudumu hayakwenda. Chini yetu kitu kilikuwa kinalia kra, kra, kra. Tulimwaga maji yote mchangani ili tuweze kuisukuma. Niliyaangalia yakinywewa na ardhi, nikawa na hasira na mashine kama vile ilifanya makusudi.

Abti alimleta fundi kutoka kwenye senta ya maduka, Fundi Komora, Mpokomo wa kule mtoni, mtu mwembamba aliyependa kuimba akifungua bolti. Kwa Abti, Kiswahili kilikuwa lugha ya kusemea na watu wa nje, na P haikuwahi kukaa mdomoni mwake. Wala V.

"Fundi, hii bikibiki imekufa?"

"Haijafa, mzee. Injini ni nzima. Meno ndiyo yamekwisha."

Mimi nilikuwa nimesimama hapo, na Kiswahili changu kilikuwa cha shule. Meno nililijua. Kwisha nililijua. Sikujua kwamba hata ule mduara wa chuma unaovuta cheni una meno, na kwamba mafundi wote wa dunia hii huyaita hivyo. Kwetu meno ndiyo miaka. Ukitaka kujua umri wa mbuzi humuulizi mwenyewe, kwa sababu atakudanganya. Unamfungua mdomo. Ya utotoni yakiwa yamedondoka na makubwa yameota mawili, huyo ni kijana. Yakiwa yametimia, ni mama wa watu. Na yakiwa yameliwa mpaka karibu na ufizi, huyo kiangazi hakivuki, hawezi tena kutafuna vijiti vikavu, na mwenye akili humuuza mapema.

Kwa hiyo nilikimbia kwa Ayeeyo nikilia. Nilimwambia mnyama wa Abti ni mzee, meno yamekwisha, hatavuka kiangazi, na wewe utapelekwa mjini.

Ayeeyo hakunicheka. Alikuja na fimbo yake, akachuchumaa kwa maumivu, akamwambia fundi kwa ishara asogee. Akapitisha kidole kwenye yale meno ya chuma, moja baada ya jingine, kama alivyofanya sokoni. Yalikuwa yamechongoka na kupinda, mengine yamebaki vijiti tu.

"Aliyekuuzia alikufungulia mdomo ukaona?" akamuuliza Abti.

"Hooyo, hiki ni chuma."

"Nimeona ni chuma. Nauliza kama ulifunguliwa mdomo."

Abti akajikuna kidevu. Ayeeyo akatoa hukumu yake: huyu mnyama ni mkubwa kuliko wewe, mwanangu, ungemwamkia. Abti akanitazama kwa jicho la kuniambia hii fitina umeileta wewe.

Fundi Komora akaeleza kwamba si kitu, meno mapya na cheni vinaagizwa Nairobi. Nilipomtafsiria Ayeeyo hayo, nilitafsiri bila kuamini. Mnyama mzee anaotewa meno mapya? Ayeeyo mwenyewe alikuwa amebakiwa na machache, upande mmoja tu.

"Waambie waniletee na yangu," akasema. "Watumie gari lile lile."

Simu bomani ilishika mahali pamoja tu, juu ya kichuguu kilichokuwa nyuma ya zizi. Abti alipanda, akampigia muuzaji wa spea ambaye namba yake tulipewa na fundi. Mimi nilikaa chini nikisikiliza upande mmoja.

"Bikibiki ya miguu minne. Nataka meno na cheni." Kimya. "Mwaka? Mimi nimenunua mwaka huu." Kimya kirefu zaidi. "Aaa. Sawa. Subiri."

Akashuka akatueleza. Muuzaji anasema kila mwaka ulikuwa na meno yake, matundu tofauti, cheni tofauti. Mwaka wenyewe umefichwa kwenye namba ndefu iliyochongwa kwenye chuma cha mbele: uhesabu kutoka mwanzo, herufi ya kumi ndiyo mwaka. Lakini kwenye chuma palikuwa na tope lililoganda kama saruji. Ayeeyo akachukua mafuta ya taa, akautoa mswaki wake mdomoni, akaukata ncha ya zamani, akanipa. "Si mnasema ni habari ya meno?" akasema. "Msugueni."

Nilisugua mimi. Herufi zilitoka moja moja, kama watu wanaotoka kwenye vumbi. Ya kumi ilikuwa P, safi kabisa, na Abti aliiona na kuijua. Kusoma alijua vizuri. Akapanda tena kichuguu.

"Ni B," akasema. "Eeh. Bi ya babai."

Aliposhuka alikuwa amebadilika sura. Muuzaji amesema hiyo ni ya elfu mbili na kumi na moja, karibu mpya! Hizi herufi huzunguka na kurudi kila baada ya miaka thelathini, na wakati wa ile B ya kwanza pikipiki za aina hii zilikuwa bado hazijatengenezwa. Abti alimgeukia Ayeeyo. "Umesikia, Hooyo? Mtoto mdogo huyu. Si wa kuamkiwa."

Siku zilizofuata hapakukalika naye. Alipangusa kiti kwa kanzu yake ya zamani. Senta nzima ilielezwa kwamba mtu amenunua mashine ya juzi kwa bei ya mzigo wa kuni. Ayeeyo yeye alibaki na neno lake. "Mtoto mwenye meno ya ajuza," alikuwa akinong'ona akikamua, "hiyo sijaona." Mimi nilikuwa upande wake, ingawa nilitamani sana Abti ndiye awe sahihi, kwa sababu mashine ikiwa kijana, Ayeeyo atabaki.

Meno yakaja na basi, yamefungwa kwenye boksi, yanang'aa na mafuta. Fundi Komora akaja akiimba. Akayaweka mahali pake, akayageuza, akayageuza tena, akaacha kuimba.

"Hayaingii," akasema. "Matundu ya bolti hayalingani hata moja. Cheni nayo ni nene. Hii ni ya mashine nyingine, mzee."

Hooyo akapiga simu siku hiyo hiyo. Kiangazi kimeanza kuuma, lori la mifugo litapita wiki hiyo, watu wa sokoni wameshaambiwa. Hakugombana na mtu. Alisema tu, "Tumejaribu." Abti alishuka kichuguuni polepole, akakaa kwenye kivuli cha mashine, mgongo kwenye gurudumu.

Ayeeyo alianza kugawa vitu. Kibuyu cha kusukia maziwa alimpa jirani. Kamba nzuri alizisokota upya azikabidhi. Asubuhi nilimkuta zizini akiwaita mbuzi kwa majina, mmoja mmoja, hana anachowapa, anawaita tu, nao wanakuja wanamnusa mikono. Cadey wangu alikuwa miongoni mwao. Nilirudi ndani nikajifunika mkeka nikalia mpaka nikachoka, maana niliona wazi kwamba likizo zangu zote zimekwisha, na Ayeeyo wa mjini hatakuwa Ayeeyo yule.

Abti alipopata nguvu alipanda tena kumpigia muuzaji, na safari hii alikuwa na hasira, akaweka sauti ya nje ili fundi naye asikie. Sote tulisimama chini ya kichuguu.

"Wewe umeniletea meno ya mtu mwingine!"

"Mzee, nimekuletea ulichosema," sauti ya Nairobi ikajibu. "Ulisema B. Nikakuuliza, B ya baba? Ukasema ndiyo."

"Ndiyo! Bi ya babai!"

"Sasa si hiyo ndiyo nimekupa, mzee. B ya baba."

"Babai! Babai! Ile tunda!"

"Tunda gani tena, mzee?"

Fundi Komora alikuwa akicheka kimya, mkono mdomoni. Alidhani wanatukanana tu. Mimi sikucheka. Shuleni tulikuwa na mwalimu wa Kiswahili aliyetoka Hola, ambaye alichoshwa na sisi kusema baka na biba. Akatufanya kila mtoto ashike kipande cha karatasi mbele ya midomo na kusema paka, pipa, papai. Karatasi ikitikisika, umesema. Isipotikisika, rudia. Nilirudia mpaka nilimchukia, kisha siku moja karatasi yangu ikaruka, na nikaenda nyumbani nikiwapulizia watu wote.

Nikamvuta Abti kanzu. "Abti, yeye anasema baba. Wewe unasema papai."

"Si ndiyo hiyo hiyo?"

"Siyo. Nipe niseme mimi."

Ayeeyo, ambaye Kiswahili hakukijua hata kidogo, akauliza wanagombania nini. Nikamwambia wanagombania herufi. Akasema, "Herufi inauza mbuzi wangu?" Kisha akamwambia Abti, "Mpe mtoto."

Nilipanda. Ayeeyo na magoti yake alipanda nyuma yangu, akijishikilia na fimbo, sijui kwa nini, labda hakutaka kuniacha peke yangu juu kule. Nilishika simu kwa mikono miwili. Nilitafuta karatasi, hakukuwa na karatasi. Nikamwambia Ayeeyo aweke kiganja chake mbele ya mdomo wangu. Hakuuliza. Akakiweka, kigumu, kinanuka mafuta ya mbuzi.

"Shikamoo," nikamwambia muuzaji, kama tulivyofundishwa. "Si B. Ni P. P ya papai."

Kila P iligonga kiganja cha Ayeeyo. Nilimwona akinyanyua nyusi.

"Hiyo ina upepo," akasema.

Yule mtu wa Nairobi akaanza kucheka, kicheko cha kweli cha tumboni, akasema, "Mungu wangu, P! Mtoto mzuri, mwambie mzee mashine yake ni ya tisini na tatu." Akasema meno ya tisini na tatu anayo, yamemkalia stoo miaka, hakuna anayeyauliza, atayabadilisha na yale bila neno, na yatapanda basi siku hiyo hiyo.

Nilimtafsiria Ayeeyo mwaka huo. Akahesabu kwa mvua na ukame, kama tulivyozoea kuhesabu, akafika kwenye mwaka ambao Abti alikuwa mvulana mdogo mwenye mapengo. Kumbe hata yeye alikosea, mashine haikuwa kaka yake Abti. Lakini ajuza ilikuwa ajuza, na alishuka kichuguu kile kama mtu aliyeshinda kesi.

Abti hakukasirika hata kidogo. Alinibeba begani mpaka kwenye mashine, mbele ya watu. Meno yalipofika yaliingia bolti zote kwa mkono, fundi akaimba mpaka mwisho, na lori la mifugo lilipopita kwetu liliondoka bila mbuzi hata mmoja. Jirani alirudisha kibuyu kabla ya kuulizwa. Hooyo aliposikia kwenye simu alisema "Alhamdulillahi" kwa sauti ambayo sikuitarajia, nikaelewa kwamba naye hakuwa ametaka.

Miaka yetu ina majina. Kuna wa mafuriko, kuna wa ukame mweupe, na mwaka ule ukaitwa na Ayeeyo mwaka wa babai. Binamu yangu aliyezaliwa wakati huo, ukimuuliza umri, anaanzia hapo. Ayeeyo aliishi bomani kwake mpaka alipofariki, kwenye herio yake, mbuzi wakijikuna ukutani. Nilikuwepo. Hakukosa maji hata siku moja, na namshukuru Mungu kwa hilo kila ninapomkumbuka.

Basi juzi nilimaliza kusugua, P ikatoka tena, safi. Abti akampigia yule kijana wa Ijara, akasalimia, akasema mwaka umepatikana, kisha akaninyooshea simu bila aibu yoyote. "Sema wewe. Mimi nikisema atanunua mashine nyingine."

"Ni P," nikasema.

"P?" kijana akauliza. "Hiyo si ni ya elfu mbili ishirini na tatu, dada? Iko fiti basi."

Nilikuwa sijafikiria hilo. Miaka thelathini imezunguka, herufi imerudi, ajuza wetu ameitwa kijana kwa mara ya pili.

"Hapana," nikamwambia. "Ni P ile ya kwanza. Ukija, mfungue mdomo uangalie meno."

Akacheka, akasema simu inakatika, nirudie, ni P ama B? Abti alikuwa ananitazama. Nikaona mkono wangu wa kushoto umeshapanda wenyewe, kiganja mbele ya mdomo, kinanuka mafuta ya taa.

"P," nikasema. "P ya papai."

Upepo ulikuwepo.